Kisiwa Peke Yake Hakitoshi

Kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti, na zipo ambazo kila zikisambaa mitandaoni naulizwa kama kimbunga kinaanza: kisiwa katikati ya bahari, na nyuma yake mawingu yaliyojikunja, moja kushoto, linalofuata kulia, kwa mamia ya kilomita. Hapana, si kimbunga. Kimbunga hula joto la bahari. Hivi ni vizunguko vya upepo uliokumbana na mlima, na mara nyingi bahari iliyo chini yake ni ya baridi.

Chukua Guadalupe, kisiwa cha Meksiko kilichoko magharibi mwa rasi ya Baja California. Mkondo wa maji baridi hupita hapo, hewa iliyogusa maji hupoa na kutulia chini, na juu yake hukaa hewa yenye joto iliyoshuka kutoka angani. Hewa hiyo ya joto hufanya kazi ya mfuniko wa sufuria: mawingu hutandaa chini yake, nayo hayapenyi. Vilele vya Guadalupe, vyenye urefu wa takriban mita 1,300, hupenya. Upepo unaotoka kaskazini-magharibi ukifika hapo hauwezi kuruka juu, kwa hiyo hupita ubavuni, huku na huku. Nyuma ya mlima hewa imezubaa, pembeni inakimbia, na tofauti hiyo ndiyo inayoisokota. Ukiupa upepo mgongo, vizunguko vya kushoto huzunguka kama mishale ya saa, vya kulia kinyume chake.

Lakini mbona vizunguko hutoka kwa zamu, kimoja kushoto, kinachofuata kulia? Huko Göttingen, Ujerumani, takriban 1911, mwanafunzi Karl Hiemenz alikuwa akipima maji yanayopita kwenye nguzo ya mviringo. Maji yakakataa kutulia. Aliisugua nguzo mpaka ikawa mviringo kamili, wapi! Theodore von Kármán, kijana wa Kihungari aliyekuwa hapo, akaketi na hesabu zake akaonyesha kwamba vizunguko vinavyotoka sambamba pande zote mbili havidumu. Vinavyopishana ndivyo vinavyodumu, tena kwa uwiano maalumu: umbali kati ya safu mbili ni kama 0.28 ya umbali kati ya kizunguko na mwenzake wa safu ileile. Mawinguni uwiano huwa mkubwa zaidi mara nyingi, jambo lisilonishangaza: mlima si nguzo.

Sasa swali la kwetu: mbona Unguja haina vizunguko hivi? Vilima vyake havifiki hata mita 200, upepo unapita juu tu. Ngazija je, kisiwa cha Komoro chenye mlima Karthala wa mita 2,361? Mlima upo, tena mrefu kuliko Guadalupe. Ila bahari yetu ni ya joto, hewa hupanda itakavyo, na mawingu hukua kwenda juu badala ya kutandaa. Kusi na kaskazi vinavuma vizuri, mlima umesimama, kinachokosekana ni mfuniko. Anayetaka kuviona atafute picha za Madeira na visiwa vya Kanari za miezi ya Juni hadi Agosti.