Kuni mbichi "zinadumu": maneno niliyochoka kuyasikia

Juzi nimeitwa Buhongwa, hapa Mwanza, na mama lishe niliyemjengea jiko banifu la matofali mwezi wa tatu. Simu ilikuwa fupi: "Fundi, jiko lako bovu, linanifukuzia wateja kwa moshi." Nikapanda daladala na mwiko wangu kwenye mfuko, huku najua kabisa sitautumia. Sijamaliza hata kusalimia, nikasikia jiko linalia: chwiii, chwiii. Nikainama. Vipande vitatu vya mwembe, vinene kama paja, vimesukumwa hadi ndani, na kwenye ncha zilizobaki nje linatoka povu jeupe kama la sabuni. Jiko zima kabisa. Kuni ndizo zilizokuwa zinachemka.

"Mama, hizi zimekatwa lini?"

"Wiki iliyopita, kaka. Nachukua mbichi makusudi. Kavu zinakwisha kama karatasi, mbichi zinadumu."

Zinadumu! Neno hilo nimelisikia Igoma, nimelisikia Kisesa, nimelisikia kwa mpishi wa shule anayelisha watoto mia kadhaa, na mwaka jana nimelisikia kwa shemeji yangu, ambaye amenikuta najenga majiko tangu hajaolewa. Ni kweli, zinadumu. Hata jiwe la Bismarck, lile mwamba la pale ziwani, ukilitia jikoni litadumu. Swali ni kama ugali utaiva.

Tuanze na maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji. Miti mingine zaidi, mingine pungufu. Kwa hiyo ukijitwika kilo 10 za kuni mbichi, kama kilo 5 ni kuni na 5 ni maji, na maji hayo hayatatoka kwa kuombwa. Lazima moto wako uyachemshe yote mpaka yawe mvuke. Ni sawa na kuteleka sufuria ya lita tano, kuiacha ichemke mpaka ikauke kabisa, kisha ndiyo uanze kupika wali wa wateja.

Sasa mjuaji mmoja, kijana aliyesoma fizikia, alinipigia hesabu mbele ya watu pale Mkolani. Kugeuza lita tano za maji kuwa mvuke kunataka kama megajuli 13 (megajuli ni kipimo cha nishati, yaani joto). Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri kwa upepo hutoa kama megajuli 15. "Basi hasara haifiki hata kilo moja, fundi. Mbona kelele nyingi?" Hesabu yake ni sahihi, na hasara hiyo ndiyo ile ndogo. Kubwa iko kwingine, na wengi hawaioni kwa sababu inawaingia machoni.

Kuni yenyewe haiungui kama mnavyofikiri. Ikipata joto huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka; ule mwali mnaouona ni gesi. Robo tatu na zaidi ya uzito wa kuni kavu hutoka kwa njia hiyo, na kinachobaki ndiyo makaa. Gesi zinataka joto kali ili zishike moto. Kuni yenye maji haiwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 mahali ambapo maji hayajatoka, na mvuke wake unapoza chumba kizima cha moto. Matokeo yake gesi zinatoka kwenye kuni, hazikuti joto la kuziwasha, na zinaondoka zilivyo. Hizo ndizo mnaziita moshi. Moshi mzito ni kuni uliyoinunua ikakutoroka bila kuungua.

Asiyeamini awashe mshumaa usiku, auzime, kisha haraka asogeze njiti ya kiberiti inayowaka kwenye ule uzi wa moshi juu ya utambi. Moto unaushika moshi na kurudi kwenye utambi kabla njiti haijaugusa. Nimewafanyia watu wengi mchezo huo na bado mtu anaondoka pale kwenda kununua mwembe mbichi.

Yule mama nilimwambia aazime kuni kwa jirani yake wa chapati, zilizokaa chini ya bati tangu kiangazi. Tukatoa ile miembe, tukaweka vipande vitatu vyembamba, kavu. Jiko lile lile, sufuria ile ile. Moshi ukabaki ule wa kuwashia tu. Sikugusa tofali hata moja, na nauli yangu ya kurudi nilijilipia mwenyewe.

Hapo utaambiwa, "Lakini maharage yanataka moto wa taratibu." Sawa. Moto wa taratibu unapatikana kwa kuni chache, haupatikani kwa kuni mbichi. Bibi zetu kwenye mafiga matatu walikuwa wanavuta kuni nyuma, kinabaki kijinga kimoja cha moto kinaramba kitako cha chungu, na kande inaiva. Leo mtu anajaza mdomo wa jiko mpaka hewa haina pa kupita, halafu anatumia maji ya mti kama breki.

Na wale wa "kuni naacha magogo kwanza yakauke ndipo nipasue", nanyi mmegeuza mambo. Mti una vijirija vinavyopeleka maji juu na chini, kwa hiyo gogo hukauka zaidi kupitia ncha zake zilizokatwa, na gome linafanya kazi ya koti la mvua. Gogo zima lenye gome unaweza kuliweka mwaka mzima, nje likaonekana mzee, ulipasue ulikute lina ubaridi ndani na pengine limeanza kuoza. Pasua likiwa bichi. Miti mingi hupasuka kirahisi zaidi ikiwa mbichi, na kila ukiipasua umeifungulia upepo upande mpya.

Kata vipande vya urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, pasua viwe na unene wa kifundo cha mkono, uvipange juu ya mawe au fito visiguse udongo, vikiachiana nafasi. Juu weka bati, ubavuni acha wazi. Kufunika rundo zima kwa turubai kama maiti ni kulifuga ukungu. Na sisi wa Mwanza tuna bahati ambayo wenzetu hawana: mchana upepo unatoka ziwani, na mawe yetu kuanzia saa nne asubuhi huwa ya moto kiasi cha kuunguza nyayo. Pale Mabatini watu wanaanika nguo na dagaa juu ya mawe, kuni wanaziacha kwenye mfereji! Kiangazi cha kuanzia Juni, kuni za unene niliosema zinahitaji kwa kawaida miezi miwili au mitatu kuwa kavu za kutosha. Aliyeanza kutafuta kuni kavu wakati wa masika amechelewa, na muuzaji atampa chochote.

Ukinunua, usiangalie rangi. Shika vipande viwili uvigonge: vikavu vinalia kwa sauti kali kama vijiti vya ngoma, vibichi vinajibu "du". Tazama ncha kama ina nyufa. Vuta gome, kwenye kuni kavu huachia lenyewe. Kisha pasua kimoja, uguse ubavu mpya kwa shavu. Ukisikia ubaridi, rudisha mzigo. Watu wataona una wazimu, lakini mimi nimeshazoea kutazamwa nikibusu kuni sokoni.

Maneno mengine niliyochoka kuyasikia nitayapitia haraka, maana hayanichomi sana.

"Kuni zikinyeshewa zimeharibika." Hapana. Maji ya mvua kwenye kuni iliyokwisha kukauka hukaa juu juu, siku moja au mbili za upepo zinatosha kuyaondoa. Maji ya ndani ya mti mbichi ni kitu kingine kabisa.

"Mti fulani ndio wenye moto, mti fulani hauna." Kilo kwa kilo, zikiwa kavu sawasawa, kuni za miti mingi zinatoa joto linalokaribiana sana. Tofauti ni uzito. Mti mgumu kama mgunga, kipande kimoja kina kilo nyingi na kinaacha makaa mazuri. Mti mwepesi unajaza mkokoteni lakini mizani inakucheka. Mabua ya pamba ya kule Magu na Kwimba, ambayo watu wa mjini wanayadharau, yanawashia moto vizuri kuliko chupa yoyote ya mafuta ya taa. Na kwa kuwa nimeyataja mafuta ya taa: kuyamimina juu ya makaa yanayofuka, eti moto umelala, ni kuuita mwali wa moto ukufuate kwenye chupa.

"Mkaa unaokoa miti." Kwa tanuri la udongo la kijijini, kilo moja ya mkaa hula kama kilo 5 hadi 10 za kuni, na joto kubwa linabaki porini. Mkaa una faida zake mjini, sibishi. Hiyo siyo mojawapo.

"Samaki wa kubanika anataka kuni mbichi ili apate moshi." Wabanikaji wa sangara wamenijia juu kwa hili, na wana hoja nusu. Moshi wanauhitaji. Ila moshi mzuri unatokana na kuni ngumu iliyokauka inayonyimwa hewa kidogo, ikafuka bila kuwaka. Kuni mbichi inampaka samaki masizi na lami, anakuwa mweusi na mchungu. Msonobari ndiyo usiuguse kabisa, ulimbo wake unaingia kwenye nyama. Na sangara ana mafuta. Yakidondokea motoni yanaungua na kumrudia samaki kwa moshi mbaya zaidi, kwa hiyo kinga mafuta kwa bati.

"Shoka kali ni hatari." Shoka butu ndilo linaloteleza kwenye gogo na kuja kwenye muundi wako. Simamisha kipande juu ya kigogo kingine, tanua miguu, anzia pembeni na siyo katikati, na ukiona fundo lizunguke, au utumie kabari. Ubishi na fundo ndio umevunja mipini yangu mitatu. Uzio wa minyaa nao usiufanye kuni: ukiukata, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kulipofusha kwa siku kadhaa. Osha kwa maji mengi, kisha hospitali.

"Moshi unafukuza mbu." Unaweza kuwasumbua kidogo, na nyasi za paa kweli huzilinda na wadudu. Malaria hauizuii, lala ndani ya chandarua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani. Anayekaa karibu na jiko na mtoto mgongoni ndiye anayeuvuta moshi huo zaidi.

Moja lililobaki sitalipitia haraka. Juni na Julai usiku wetu una baridi, na mzazi akirudi na kichanga, shangazi anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, anaziba hata chini ya mlango kwa kanga. Ukimwambia, anajibu, "Mwanangu, mkaa umeshakolea, hauna moshi." Mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mtu anasema ni uchovu wa uzazi, analala. Wengine hawaamki. Kuacha dirisha upenyo hakutoshi. Shangazi, shikamoo, jiko libaki nje. Chemshieni maji huko, myatie kwenye chupa, chupa muifunge khanga mbili, iwe kando ya blanketi na isiguse ngozi ya mtoto. Na mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Nikikuta jiko ndani ya chumba cha mzazi nalitoa mwenyewe, hata kama sijaitwa kwa kazi hiyo, na nimeshatukanwa kwa Kisukuma na kwa Kikerewe.

La mwisho ni mawe, maana Jumamosi nimemkuta mtu Luchelele anaokota mafiga majini, meusi, laini, mazuri ya kutazama. Jiwe lililokaa majini linaweza kuwa na maji ndani ya nyufa zake. Likipata moto ghafla, maji yanageuka mvuke, jiwe linapasuka na vipande vinaruka. Mafiga chukua mlimani, kwenye jua, na siku ya kwanza yawashie moto mdogo.