Kutupa laini ya flai: nguvu zako weka kando kwanza

Wengi wanaokuja niwafundishe huku Nyeri wanakuja na mkono wa kuvua tilapia, yaani wamezoea risasi na chambo, unarusha uzito na uzito unavuta uzi. Kwa flai ni kinyume, flai yenyewe ni ndoano iliyofungwa manyoya tu, haina uzito wa maana, kinachorushwa ni laini yenyewe, ndo maana ni nene na inapewa namba ya uzito. Laini namba 5 futi 30 za mwanzo zina kama gramu 9 hivi, na rodi (fimbo ya kuvulia) inaandikwa namba hiyohiyo. Anza na rodi ya futi 9 namba 5, zile fupi za vijito utanunua baadaye.

Na usianzie mtoni!! Anzia kwenye nyasi (sio lami, laini itakwaruzika) na badala ya ndoano funga kipande cha uzi wa sweta.

Sasa ncha ya rodi iwe chini, laini imenyooka mbele yako. Inua polepole, ongeza kasi kidogokidogo, halafu simama ghafla rodi ikiwa imepita sikio kidogo tu. Kule kusimama ndo kunarusha laini, kama watoto wanavyorusha kidongo kwa kijiti, kidongo kinatoka pale kijiti kinaposimama. Kisha ngoja. Hapa ndo karibu kila mtu anakwama, anarudisha mkono mbele wakati laini bado inajikunjua nyuma, ukisikia mlio kama wa mjeledi ujue umewahi, na ingekuwa kuna ndoano ingeshakatika. Geuza kichwa uitazame, hakuna aliyekukataza, mguu mmoja nyuma ili ugeuke vizuri. Laini ikiwa ndefu kusubiri nako kunakuwa kurefu. Wengine wanafundisha kwa namba za saa, yaani rodi isimame kama mshale wa saa kwenye 10 mbele na 2 nyuma, mimi siipendi sana hiyo manake mtu anabaki kuangalia mkono wake badala ya laini.

Kifundo cha mkono kikilegea rodi inaanguka nyuma na laini inagonga nyasi. Dawa: chomeka kitako cha rodi ndani ya mkono wa shati umefunga kifungo, utaona kinavyokubana ukikunja. Ukiongeza nguvu kwa pupa nayo ncha inazama, laini inajipiga yenyewe na unapata vifundo kwenye nailoni ya mbele (ule uzi mwembamba kati ya laini na ndoano), halafu watu wanasingizia upepo 😂

Umbali usikusumbue. Samaki tunaowavua, trauti wa kahawia, waliletwa mto Gura mwaka 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndo aliwaleta, na mito yetu mingi ya Aberdare na Mlima Kenya ni myembamba, vichaka vimebana huku na huku, mita 8 zilizonyooka zinatosha kabisa. Mara nyingi hata nafasi ya kurusha nyuma hamna, hapo unatumia roli, yaani kutupa bila kurusha laini nyuma: vuta laini taratibu juu ya maji mpaka ining'inie nyuma ya bega lako, tulia kidogo, kisha piga mbele na usimame ghafla. Hiyo kwenye nyasi haitoki vizuri kwa sababu inahitaji maji yaishike laini, kwa hiyo iache mpaka siku ya mtoni, na siku hiyo miwani na kofia ni lazima, sitaki ubishi.