Je, wajua kwa nini picha za rangi za maji huoneshwa kwenye mwanga hafifu?

Ukiingia makumbusho yenye picha za rangi za maji utakuta chumba chake kina gizagiza, taa zimepunguzwa, madirisha yana mapazia mazito, halafu ukivuka mlango kwenda kwenye rangi za mafuta kunawaka vizuri tu. Mi kwa miaka mingi niliamini ile ni staili ya maonesho, kwamba wanataka utulivu ili mtu aangalie taratibu. Nilipoambiwa ni kwa ajili ya kulinda rangi nikaamini kitu kingine kisicho sahihi, kwamba rangi hizi ni dhaifu kwa sababu ni za maji.

Hapo Kiswahili chenyewe kinasaidia kuliko maelezo mengi, maana tuna maneno mawili ambayo nilikuwa nayachanganya. Nguo ikifuliwa na rangi ikatoka na maji tunasema inachuja. Ikianikwa juani kila siku mpaka ikapoteza rangi tunasema imepauka. Sasa picha iliyotundikwa ukutani haiwezi kuchuja, maji yake yalikauka siku ile ile ilipochorwa, kazi yake ilikuwa kuisambaza rangi kwenye karatasi basi, kilichobaki ni chembe za rangi na gundi kidogo ya mgunga ya kuzishika. Picha inapauka. Na kinachopausha ni mwanga, wala si joto la taa kama wengi wanavyodhani, taa baridi kabisa ya LED nayo inapausha.

Nililiona hili kwa macho yangu kwenye picha yangu mwenyewe, anga la jioni la zambarau nililolipata kwa kuchanganya nyekundu ya alizarini na buluu ya ultramarini. Ilikaa miaka kadhaa ukutani mkabala na dirisha na nikawa naiona sawa tu, maana kitu unachokitazama kila siku huoni kinavyobadilika. Siku nilipoitoa kwenye fremu ili nibadilishe ile kadibodi inayozunguka picha, nikakuta pembeni kote, upana wa kama kidole, zambarau iko vile vile nzito na yenye wekundu, ila katikati anga lote limekuwa buluu. Mpaka kati ya hizo mbili ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Buluu haikuongezeka popote, nyekundu ndiyo iliyoondoka.

Na ilikuwa na kioo cha kuzuia mionzi ya urujuanimno, ile ya UV! Huu ndio upotofu wa tatu na nadhani ndio ulioenea zaidi, kwamba ukiweka kioo hicho umemaliza kazi. Kinasaidia kweli, ila tatizo halikai kwenye UV peke yake. Nyekundu tunaiona nyekundu kwa sababu inameza sehemu kubwa ya kijani na buluu iliyomo kwenye mwanga na kuturudishia wekundu, yaani kumeza mwanga ndiyo kazi yenyewe ya rangi, isipomeza haina rangi. Kioo cha kuzuia mwanga wote unaomezwa kingezuia na picha isionekane. Mwanga unaokuonesha picha ndio huo huo unaoila.

Inailaje? Fikiria mtu anabeba vikombe vya udongo kwenye sinia, anatoka jikoni kwenda sebuleni na kurudi, siku nzima. Safari karibu zote zinaisha salama. Lakini kila safari ina uwezekano mdogo sana wa kikombe kimoja kuanguka, na kikivunjika ndiyo basi. Molekuli ya rangi nayo kila ikimeza punje ya mwanga inapata nguvu ambayo lazima iende mahali, mara nyingi inageuka kuwa joto kidogo sana na kuisha, ila mara moja moja inavunja kiungo ndani ya molekuli, mara nyingi kwa kushirikiana na oksijeni na unyevu wa hewani, na molekuli iliyovunjika haimezi tena mwanga kama zamani. UV ni kama kukimbia na sinia, hatari ya kila safari inakuwa kubwa zaidi. Kufifisha taa kunapunguza idadi ya safari. Kuificha picha gizani kunazisimamisha, lakini hakurudishi kikombe hata kimoja, ndiyo maana makumbusho yakitundika picha kwa miezi michache yanaiweka kabatini muda mrefu kabla ya kuitoa tena, siyo ili ipone, ni ili isiendelee kupoteza. (Kuna rangi moja ya ajabu hapa, buluu ya Prussia, yenyewe ikipauka kwa mwanga inaweza kurudi gizani kwa kusaidiwa na oksijeni. Naipenda sana hiyo.)

Rangi za mafuta zinavumilia zaidi kwa sababu tabaka lake mara nyingi ni nene, kama rundo la nguo zilizokunjwa dirishani, ya juu inapauka na za chini zinabaki, pia chembe zake zimezama ndani ya mafuta yaliyokauka. Rangi ya maji ni kitambaa kimoja chepesi tu. Mwanga unapita kwenye rangi, unagonga karatasi nyeupe na kupita tena ukirudi kwenye jicho, na huko kupita mara mbili ndiko kunakoipa ule ung'avu tunaoupenda.

Kiwango kinachotumika sana makumbusho kwa picha hizi ni lux 50, lux ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga unaoangukia kitu. Jua kali la moja kwa moja linafika kama lux 100,000, kwahiyo saa moja juani ni sawa na saa 2,000 za chumba kile, yaani siku 250 za maonesho ya saa 8 kila siku. Ni hesabu ya kukadiria, jua lina UV nyingi zaidi kwahiyo hali halisi ni mbaya kuliko hapo, na rangi nyingine hupauka haraka mwanzoni kisha zikapunguza mwendo.

Watu walilijua hili zamani. Mwaka 1888 Uingereza, wanasayansi Russell na Abney walitoa ripoti ya majaribio yao ya mwanga kwenye rangi za maji, na rangi nyingi walizoziweka kwenye mirija isiyo na hewa wala unyevu hazikubadilika. Henry Vaughan, mkusanyaji wa picha, naye alipofariki mwaka 1899 aliiachia makumbusho ya sanaa ya Edinburgh, Scotland, picha 38 za rangi za maji za mchoraji Mwingereza Turner kwa sharti kwamba zioneshwe mwezi Januari tu, mwanga wa huko unapokuwa dhaifu, na bado zinasubiriwa kila Januari. Chicago kuna picha ya mchoraji Mmarekani Winslow Homer ya mwaka 1887 yenye anga jeupe, na uchunguzi wa chembe zilizosalia ulionesha lilikuwa anga la machweo, jekundu na la machungwa.

Kwa anayechora, uchaguzi wa rangi unaanzia kwenye maandishi madogo ya tyubu. Humo huwa kuna namba ya utambulisho wa rangi, ukiona PR83 hiyo ni alizarini, nzuri kwelikweli ila inapauka, PV19 inaweza kuchukua nafasi yake na inadumu zaidi. Rangi za udongo, zile za madini ya chuma, hazina wasiwasi, watu walichorea mapangoni nazo na bado zinaonekana. Pinki zile zinazowaka kama taa ziangalie kwa makini kabla hujauza picha.

Au pima mwenyewe. Paka kila rangi mstari mwembamba kwenye karatasi, funika nusu kwa karatasi ya foili, weka dirishani penye jua na andika tarehe. Yangu nilipoifunua baada ya miezi mitatu, alizarini ilikuwa tayari ina mpaka kati ya nusu mbili. Nyekundu ya udongo iliyokuwa kando yake niliigeuza geuza kwenye mwanga nikitafuta foili iliishia wapi, sikupaona.