Sati ni Kukumbuka, si Kukodoa Macho

Wengi wanaokuja kujifunza kutafakari kwangu huanza na kosa nililoanza nalo mimi. Mtu anakaa, anafumba macho, anakunja uso kama anayetunga uzi kwenye tundu la sindano. Dakika kumi hazijapita, kichwa kinamgonga. "Mwalimu, mimi hili siliwezi."

Sehemu ya lawama naiweka kwenye tafsiri. Neno *sati* la Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, tumezoea kuliita umakini au uzingativu, na mtu akiambiwa awe makini hukaza shingo. Lakini asili ya neno hilo ni kumbukumbu. Katika mafundisho ya kale ya Kipali, mwenye sati anaelezwa kuwa ni yule akumbukaye hata yaliyotendwa na kusemwa zamani. Ukikaa kutafakari, unachotakiwa kukumbuka ni kidogo zaidi: sasa hivi kuna nini? Utasahau, utakumbuka, utasahau tena. Ule mshtuko wa "ah, kumbe nilikuwa nawaza shamba la kijijini" ndio sati yenyewe, na ajabu ni kwamba watu wengi huuhesabu kuwa ni kushindwa.

Njia ninayofundisha ni ya Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma (sasa Myanmar) aliyeishi kuanzia 1904 hadi 1982, na ambaye tangu 1949 alifundisha maelfu ya watu wa kawaida katika kituo cha Yangon. Unakaa, unaliacha tumbo lipumue lenyewe. Likijaa, unasema moyoni "kupanda", likinywea, "kushuka". Likija wazo, "kuwaza". Mbu akikuuma, "kuwashwa", na kama lazima ujikune, basi "kutaka kujikuna", "kuinua mkono", "kukuna". Kisha unarudi tumboni. Saa moja ya kukaa hufuatwa na saa moja ya kutembea taratibu: inua, peleka, weka. Mimi mwanzoni nilitaja kwa Kiingereza kwa sababu ndicho nilichofundishiwa, na nilikuwa kama najaza fomu. Siku nilipohamia Kiswahili, maneno yakawa mepesi, yakapita bila kuacha mwangwi. Taja kwa lugha unayootea ndoto.

Swali la dini huja kila mara, nami silikwepi. Hili ni zoezi la Kibudha. Tangu Jon Kabat-Zinn alipolipeleka hospitalini kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu sugu, wapo wanaolitumia kupunguza msongo tu, na si vibaya. Wanafunzi wangu wengine wanaswali, wengine wanasali, na hakuna niliyemwomba aache. Ila nikisema halina mizizi nitakuwa nadanganya: shabaha yake ya asili ni kuona kwa macho ya ndani kwamba kila kinachozuka hupita, hakitoshelezi, na hakina mwenyewe.

Sasa, kuzama zaidi katika kutafakari ni nini? Wengi hudhani ni kukaa muda mrefu au kupata utulivu mtamu. Mimi napima kwa kitu kingine: unakumbuka mapema kiasi gani? Satipatthana Sutta, hotuba ya Buddha ambayo njia hii imejengwa juu yake, inataja maeneo manne ya kuangalia: mwili, *vedana*, hali ya akili, na mambo yanayoizuia au kuikomaza akili. Hiyo vedana ndiyo inayorukwa. Si hisia kwa maana ya hasira au huzuni. Ni ladha tu: tamu, chungu, au si tamu wala si chungu.

Chukua honi ya bodaboda dirishani wakati umekaa. Mwezi wa kwanza unakuja kushtuka ukiwa umeshamtukana dereva, umemshtaki kwa mjumbe na kesi umeishinda. Baada ya mazoezi unaidaka hasira yenyewe ikipanda kifuani. Baadaye zaidi unakuta kabla ya hasira palikuwa na "chungu" tupu, isiyo na jina la mtu. Ukiitaja pale, mara nyingi kesi haifunguliwi. Honi bado inalia, lakini inalia tu.

Usidhani ukishafika hapo umefika. Kesho yake utasinzia kama kuku wa mdondo.

Na usingizi ni mada nzito kuliko watu wanavyokiri. Moggallana, mmoja wa wanafunzi wakuu wa Buddha, alikuwa akisinzia katika zoezi, na ushauri aliopewa ni wa kidunia kabisa: badili unachokiangalia akilini, vuta masikio na ujisugue viungo, nawa macho kwa maji, uangalie nyota, waza mwanga, simama utembee. Yote yakigoma, lala kwa ubavu wa kulia, ukiwa umeweka nia ya kuamka, na ukizinduka inuka mara moja.

Ninaye mwanafunzi anayefanya kazi zamu za usiku. Kwa wiki tatu alijitesa kukaa saa moja kila akirudi asubuhi, kichwa kikianguka kifuani. Nilimwambia aanzie mwisho wa orodha ya Moggallana. Sasa analala kwanza, na kabla hajashuka kitandani anataja "kupanda, kushuka" mara kumi.