Kwa nini mashine huganda baada ya swala ya Ijumaa

Kuna duka la jumla Chake Chake ambalo programu yake ya mauzo husoma hifadhidata iliyoko kwenye seva Mjini, Unguja. Kinachowaunganisha ni modemu ya laini ya simu. Kwa wiki kadhaa nikipigiwa simu siku moja tu: Ijumaa, saa nane kasorobo. Mama wa kaunta akanambia, "Mwanangu, hii mashine nayo ikirudi msikitini hainitambui tena." Akibonyeza, dirisha limeganda na wateja wamesimama. Baada ya robo saa hivi linatokea kosa. Akifunga na kufungua upya, mambo sawa.

Nilishuku umeme, kisha modemu. Nikanunua nyengine, pesa ya bure.

Kumbe unganisho la TCP, yaani njia ya mazungumzo baina ya kompyuta mbili mtandaoni, lililokaa kimya halipitishi chochote. Ni kumbukumbu tu: kompyuta hii inakumbuka kuwa ilikuwa ikizungumza na ile. Linux, mfumo endeshi tunaoutumia, ina namna yake ya kupiga hodi. Ukimya ukifika sekunde 7,200, yaani muda wa saa mbili, inatuma paketi (kifurushi kidogo cha data) tupu kuuliza kama mwenzake bado yupo. Asipoitikia inarudia, hodi 9 zikipishana sekunde 75. Sisi tumefunzwa hodi tatu, ukikosa jibu urudi zako. Linux ina subira kutushinda.

Muda huo hawakuutunga waandishi wa Linux. Umo katika RFC 1122, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 1989, inayoagiza hodi iwe imezimwa mpaka programu yenyewe iiombe, na kwamba muda wa chaguo-msingi usipungue saa mbili. Sababu zimetajwa humo humo: hodi za haraka zinaweza kuua unganisho lisilo na ubaya wowote kwa hitilafu ya kupita, zinakula nafasi ya njia, na zinagharimu pale paketi zinapolipiwa. Ya mwisho haihitaji kufafanuliwa kwa mtu anayenunua bando.

Lakini mwaka 1989 hakukuwa na dalali katikati. Leo simu nyingi hutoka nje kwa anwani chache za IP, na chombo cha NAT, ndiye dalali mwenyewe anayezigawa anwani hizo, huweka daftari la nani anazungumza na nani. RFC 5382 ya 2008 ilikizuia chombo hicho kufuta unganisho lililokwisha kusimama kabla ya ukimya wa saa mbili na dakika 4, ili hodi iwahi kufika. OpenWrt, programu ya kuendeshea ruta, imeifuata barabara: sekunde 7,440. Kerneli (kiini) ya Linux yenyewe, ikifanya kazi hiyo ya NAT, husubiri sekunde 432,000, siku 5 nzima.

Njia yetu haikusubiri hivyo. Nililiacha unganisho la majaribio kimya dakika 20, likapona. Dakika 35, limekufa. Siku za kazi kaunta ile hainyamazi nusu saa. Ijumaa watu wanafunga mlango, wanaswali, wanarudi. Daftari limeshafutwa na hakuna aliyearifiwa. Paketi zinatupwa kimya kimya, na Linux inazirudia kwa nafasi zinazozidi kurefuka hadi mara 15, kama sekunde 924, ndipo ikate tamaa. Hiyo ndiyo robo saa ya mama.

Wengi hapa huushusha muda wa hodi hadi sekunde 10 kwa mfumo mzima. Mimi siipendi dawa hiyo, kwa sababu seva ile ina kazi nyengine zisizoumwa. PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, huomba hodi yenyewe, na mpangilio wake `tcp_keepalives_idle` ukiwa 0 hufuata mfumo endeshi. Nikaandika sekunde 300, nikaishia hapo. Zile hodi 9 za sekunde 75 sikuzigusa kwa makusudi: mnara ukizimika dakika tano, jambo tusilolistaajabia Pemba, unganisho linabaki na kama dakika 11 za kusubiri kabla ya kuhesabiwa maiti.

Ijumaa iliyofuata simu haikulia, nikapiga mimi kuhakikisha. Mtoa huduma wa laini nilimwandikia pia, nikamtajia RFC na zile dakika 124. Hiyo ni hodi ya tatu sasa, na bado hajaitika.