Bliain an Áir, na irabu iliyopotea

Nikifundisha Kiirishi huwa naanza na jina la huzuni, Bliain an Áir, yaani mwaka wa maangamizi, ule wa 1740 kuingia 1741. Baridi kali ilipiga mwishoni mwa Desemba 1739, viazi vikaganda humohumo ardhini, ikafuata njaa na magonjwa, inakadiriwa walikufa watu 300,000 au zaidi kwenye kisiwa cha Ireland chenye watu kama milioni 2.4. Wengi wanaijua ile njaa ya 1845 tu, hii imesahaulika na inaniuma sana, ndo maana nataka tulisome jina lake taratibu.

Neno lenyewe ni ár, mauaji ya halaiki, maangamizi. Ndugu yake yuko Wales, aer, vita. Yote mawili tunayarudisha kwenye Kiselti cha kale, lugha mama ya Kiirishi na ya Wales, agro-, g ikadondoka mbele ya r na a ikarefuka kufidia, ndo hiyo alama unayoiona juu yake.

Sasa utamu uko hapa. Kwa Kiswahili ukisema mwaka wa maangamizi, neno maangamizi halibadiliki chochote, kazi yote inafanywa na "wa". Kiirishi hakina hiyo "wa", jina la pili lenyewe linabadilika mkia, ár inakuwa áir. Na hiyo i usiitamke kama irabu jamani, inakuambia tu kwamba r ni laini, ulimi unainuka kuelekea kaakaa kama unataka kusema "ry" ukaishia njiani. Imetoka wapi? Zamani umilikishi, yaani umbo la jina lenye maana ya "wa fulani", kwa majina ya kundi hili ulikuwa na -i kamili mwishoni, mpaka leo iko kwenye mawe ya Ogham, mwandiko wa kale wa Kiirishi, ya karne ya 5 hivi, yamechongwa MAQI, "wa mwana", ambayo leo ni mic, kutoka mac. Irabu ilikufa lakini ilishailainisha konsonanti iliyokaa nayo, kwa hiyo kila ukisema áir unatamka alama ya kitu ambacho hakipo tena, mi bado inanisisimua.

Wanafunzi wanakwama kwenye t. Maangamizi yale ni an t-ár (hiyo an ndo "yale"), ila ukisema "ya maangamizi yale" t inaondoka, an áir. Hiyo t ni baki la int ya Kiirishi cha Kale, iliyokuwa inatangulia majina ya kiume yanayoanza na irabu.

Alafu kuna ár nyingine kabisa, hazina undugu, maana yake "-etu", nayo inabandika n- kwenye irabu inayofuata. Maangamizi yetu: ár n-ár. Vuta a zote mbili.