Kwa nini maharagwe ya akiba hugoma kuiva?

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, na umeme na maji ya bomba vikakatika, wengi wetu tulijifungia tukiwa na kile tu kilichokuwamo ndani. Kwetu palikuwa na bidoni nne za maji, nusu gunia la makala (makaa ya kupikia), na gunia la maharagwe lililonunuliwa soko la Virunga zaidi ya mwaka mmoja nyuma, likawekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Siku ya pili tukayabandika saa moja asubuhi. Ilipofika saa saba mchana yalikuwa yamevimba, mchuzi umekuwa mwekundu wa kutamanisha, lakini ukiibana punje kwa vidole inateleza na kuruka kama kokoto. Jirani aliyekuja kuomba kaa la moto alichungulia chunguni akasema: "Iyi maharagi ni ya zamani, mama. Itakukulia makala yote."

Alisema kweli. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, niliyokuwa nimeyarudia miaka mingi bila mtu kunipinga: maharagwe ya zamani hayaivi kwa sababu yamekauka kupita kiasi. Yape maji zaidi, yape muda, yatalainika. Maelezo hayo yanaingia akilini vizuri sana, na karibu yote si kweli.

Ushahidi ulikuwa mbele yangu tangu usiku, kwenye beseni. Punje kavu ikilowekwa hadi asubuhi hunywa maji yanayokaribia uzito wake yenyewe. Yangu yalikuwa yamekunywa, yakashiba, ganda likatanuka bila kunyanzi hata moja. Kama shida ni ukavu, basi ukavu ulikwisha kabla hata makala hayajawashwa.

Ukavu uliopindukia upo, ila una ugonjwa wake mwingine. Ganda la punje hujifunga, maji hayapenyi, na asubuhi unazikuta punje ndogo, zinang'aa, zina ukubwa uleule wa jana. Hizo ukizikwaruza kidogo, au ukizilowekea maji ya moto, hufunguka. Wanaochunguza mazao hutenganisha kabisa magonjwa haya mawili: kuna punje isiyokunywa, na kuna punje iliyokunywa lakini ikakataa kulainika. Ya kwanza hutoka kwenye ghala kavu mno. Ya pili, ambayo ndiyo ilikuwa yangu, hutoka kwenye ghala lenye joto na unyevu. Yaani miaka yote nilikuwa nashtaki kinyume cha mshtakiwa.

Tena gunia lile nilikuwa nimeliweka mahali nilipodhani ni pazuri kuliko pote: juu ya dari ya jikoni, chini ya mabati, ili moshi wa mbabula, jiko letu la makala, ufukuze fukusi. Fukusi kweli walikuwa wachache. Lakini mchana bati linachoma, na jioni mvuke wa vyungu vyote vya nyumba unapanda palepale. Ukitaka kutengeneza maharagwe yasiyoiva kwa makusudi, hutapata chumba kizuri zaidi.

Sasa, joto na unyevu hufanya nini ndani ya punje?

Mtu wa Goma ana mfano uko nje ya mlango wake: ukuta wa mawe ya volkeno. Punje ya haragwe ni ukuta kama huo. Mawe ni seli, kila moja imejaa wanga. Kati ya jiwe na jiwe kuna kitu kinachoyagandisha, kiitwacho pektini. Haragwe "kuiva" maana yake si wanga kupikika tu. Maana yake hasa ni pektini kuyeyuka, mawe yaachane, na punje ipondeke mdomoni. Katika haragwe jipya, pektini ni kama udongo uliokandikwa kati ya mawe: mvua ya moto ikinyesha saa moja au mbili, udongo unatoka na ukuta unalala. Katika haragwe langu, udongo ulikuwa umegeuka saruji. Maji yanapita kati ya mawe, yanalowesha kila kitu, na ukuta umesimama.

Saruji hiyo haikutoka nje. Ilikuwemo ndani ya punje tangu shambani, imefungiwa stoo. Mtunza stoo anaitwa fitati: ndiye haragwe humtumia kuweka fosforasi ya kulisha mche utakaoota, na mikononi mwake ameshika pia kalsiamu na magnesiamu. Maadamu fitati ameshika, madini hayo hayana pa kwenda. Lakini punje kavu haijafa, imelala. Ikipata joto na unyevu kwa miezi mingi, vimeng'enya vyake, vile vichocheo vya kazi za ndani ya punje, vinaanza kufanya kazi polepole kana kwamba msimu wa kuota umekaribia. Kimojawapo, fitasi, humvunjavunja mtunza stoo. Kalsiamu inaachiwa. Kimeng'enya kingine kinakuwa kimekwisha kuichokoachokoa pektini, ikabaki na mahali pengi pa kushikwa. Siku unapoloweka, maji yanaisafirisha kalsiamu hadi kwenye pektini, na hapo ndipo inapokamata.

Kwa nini kalsiamu ikamate hivyo? Kwa sababu ina mikono miwili. Chembe moja ya kalsiamu hushika uzi huu wa pektini kwa mkono mmoja, na uzi wa jirani kwa mkono mwingine. Ziweke nyingi, kila moja imeshika huku na huku, na nyuzi zilizokuwa zinaelea kila mmoja kivyake zinakuwa wavu ambao maji ya moto hayauyeyushi.

Nakiri kwamba hii si hadithi yote. Kuna maharagwe ambayo ugumu wake haulingani vizuri na kiasi cha fitati kilichopotea, na baadhi ya watafiti huona mkono wa tanini na jamaa zake, vile vitu vinavyoyapa maganda mekundu na meusi rangi, kuwa navyo hujisokota kwenye kuta za seli kadiri punje inavyozeeka. Maelezo ya pektini ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi, lakini aina za maharagwe hazizeeki kwa mwendo mmoja.

Mikono miwili ya kalsiamu inamaliza pia ubishi wa chumvi. Nililelewa nikiambiwa chumvi ikiwahi kuingia, maharagwe yanakuwa magumu, na nimewahi kumkemea mdogo wangu kwa kosa hilo. Namwomba radhi. Sodiamu iliyomo katika chumvi ina mkono mmoja tu. Ikiingia kwa wingi wakati wa kuloweka, inaisukuma kalsiamu na kukalia kiti chake, na kwa kuwa haiwezi kushika nyuzi mbili, wavu unalegea. Kijiko kikubwa cha chumvi katika lita moja ya maji ya kulowekea, usiku kucha, kisha maji hayo yamwagwe na punje zisuuzwe. Wakati wa shida ya maji inauma kumwaga, lakini maji hayo yanafaa kumiminwa chooni. Bikaboneti, ile soda wengine wanayotia kwenye sombe (majani ya muhogo), ina nguvu zaidi kwa sababu huimumunya pektini yenyewe, ila inaharibu sehemu ya vitamini B1. Ncha ya kijiko inatosha. Anayestahili kukemewa ni anayewahisha nyanya. Uchachu huimarisha pektini, na nyanya zikitiwa mapema hata haragwe jipya linasuasua.

Goma yenyewe inaongeza mzigo. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Punje ileile, ya gunia lile lile, itawahi kuiva Kalemie, chini kando ya Ziwa Tanganyika, kabla ya kuiva Himbi, mtaa wa hapa Goma. Na kuzidisha makala chini ya chungu hakusaidii, jambo nililolifanya kwa bidii siku ile: maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanakauka tu upesi. Sufuria ya presha ndiyo pekee inayovuka mpaka huo.

Maji ya ziwa ni kesi ya kuchekesha. Wakati bomba zilipokauka watu walishuka na bidoni hadi Kituku, ufukweni mwa ziwa Kivu. Maji ya juu ya ziwa Kivu yana bikaboneti nyingi na hayana uchachu kabisa, jambo linalosaidia kulainisha. Lakini yana pia magnesiamu nyingi, nayo ina mikono miwili kama kalsiamu. Yanavuta huku na huku chungu kimoja. (Ya kunywa, hilo ni jambo jingine: kuna kipindupindu, na yatiwe klorini au yachemshwe.)

Kuna jambo moja ambalo ni hatari kweli, si usumbufu tu. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana lektini, sumu inayoleta kutapika na kuhara hata kwa punje chache. Kuchemka kwa nguvu huivunja. Hapa juu mlimani nusu saa ya kutokota ni busara. Maharagwe yaliyochemka saa sita yakabaki magumu hayana sumu hiyo, yanachosha taya tu. Ya kuogopa ni yale ambayo mtu, kwa kubana makala, ameyaacha yapashwe na majivu hadi yakalainika bila kutokota hata mara moja.

Kuhusu kuhifadhi, mji uliomwagiwa lava Januari 2002, ukaikimbia tena Mei 2021, hauhitaji kuhubiriwa juu ya akiba. Ninachoongeza ni kwamba gunia la maharagwe si chakula peke yake. Ni ahadi ya chakula, inayolipwa kwa maji na makala, na kila mwezi wa joto bei inapanda. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huwaua fukusi kwa kuwanyima oksijeni, tena bila dawa, lakini haizuii joto: mfuko mzuri juu ya dari ya jikoni ni dari ya jikoni bado. Chumba chenye baridi kuliko vyote, juu ya mbao, mbali na ukuta unaotoka jasho. Mimi sasa hupika konzi moja ya akiba kila baada ya miezi miwili na kutazama saa. Muda ukirefuka, gunia linaingia jikoni na jipya linachukua nafasi yake.

Wala ya zamani hayatupwi. Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Marekani kiliwaonjesha watu maharagwe yaliyokaa ghalani hadi miaka 30 na zaidi, na wengi mno waliyakubali kuwa chakula cha dharura. Ukuta usiobomoka kwa mvua unabomoka kwa nyundo: ukiyasaga, mawe yanaachana kwa nguvu, na unga wake unaiva haraka, ingawa nao lazima utokote vizuri kwa sababu ya ile lektini.

Basi mwezi Machi nikabeba nusu gunia iliyobaki hadi kwenye mashine ya kusaga. Kijana alifungua mfuko, akatia mkono, akanitazama.

"Mama, haiko muhindi?" Yaani, si mahindi?

Nikamwambia ni maharagi. Akazima mashine kwanza, akamwita mwenzake aje aone.